Kuku Kishingo wa Lundo

Niliusikia mlio kabla sijaona chochote. Ulitoka bandani asubuhi moja ya Julai, ukungu wa Litembo, kijiji chetu cha milimani, ukiwa umeziba hadi mlango wa jiko, na haukuwa mlio wa kuku ninaoufahamu. Ulikuwa kama chupa inayozamishwa kisimani: inameza maji, inatoa pumzi, inameza tena. Nilisimama na bakuli la pumba mkononi, moyo ukaanza kwenda mbio. Nina udhaifu huo tangu utotoni. Nikikutana na kitu nisichokielewa, mwili mzima unachangamka.

Nilipofungua banda, kuku tisa wa mama walitoka wakigombania mlango kama wanafunzi waliosikia kengele. Wa kumi alibaki. Alisimama kwenye pembe, akanyoosha shingo juu, akaipinda kushoto, akaipinda kulia, akaachama, na ule mlio ukatoka tena. Chini yake kulikuwa na kinyesi cha majimaji, cha kijani.

Kwetu rangi hiyo haihitaji maelezo. Mwaka juzi ugonjwa wa mdondo ulipita kijijini, na ulipoondoka hapakuwa na jogoo wa kuwika kuanzia kanisani hadi mtoni. Wanawake wa jumuiya yetu, wale wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, walikaa wakakubaliana: kuku mmoja akionyesha mdondo, banda lake lote linachinjwa siku hiyohiyo, ili ya jirani yapone. Aliyetoa pendekezo hilo alikuwa mama yangu. Alisimama mbele ya watu akiwa amepoteza kuku wote, akasema maneno hayo bila kutetemeka, na wenzake wakamwitikia. Hawa tisa aliwapata baadaye, mmoja mmoja, kwa subira ya mtu anayeshona nguo kwa vipande.

Wa kumi nilimleta mimi. Majuma mawili kabla nilikuwa nimeshuka ziwani, Lundo, kumsalimia mama mdogo, na wakati wa kuagana alinipa vitu viwili. Cha kwanza kuku mwekundu aina ya kishingo, wale wanaozaliwa shingo tupu bila manyoya, waliozoeleka kwenye joto la ziwa. Cha pili wavu chakavu wa kuvulia usipa, wale dagaa wa ziwani, tuzungushie bustani ya mboga ya mama ili kuku wasiingie. Nilipanda milima nyuma ya bodaboda, kuku kwapani, wavu ndani ya kiroba, nikinuka samaki hadi Mbinga mjini. "Dada," dereva aliniambia tulipopumzika, "naona umesahau mtumbwi tu."

Mama alimpenda yule kuku palepale, ila shingo yake ilimtia huruma. "Masikini, wamemleta kwenye baridi hii bila sweta." Alichukua soksi kuukuu ya sufu, akakata sehemu ya juu, akamvisha shingoni. Ilimkaa vizuri, kuanzia chini ya mashavu hadi kifuani. Majirani walikuja kumtazama na kucheka, na kuku mwenyewe alitembea uani na kola yake ya bluu kama mtu aliyepewa cheo.

Sasa cheo kilikuwa kimemshuka. Nilimwita mama. Alikuja, akainama, akatazama kinyesi, akatazama shingo ikipinda ndani ya soksi. Alirudi ndani, akatoka na kisu na jiwe la kunolea, akakaa kizingitini.

"Mama, ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Mpigie hodi bibi mwangalizi. Mwambie aje ajionee."

Bibi mwangalizi alikuwa mzee wa jirani aliyepewa kazi ya kusimamia yale makubaliano. Cheo hicho kilianza kama utani, kikabaki. Alikuja amejifunga vitenge viwili, fimbo mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

Nilimwonyesha. Alimtazama kwa muda wa kutosha kusali Salamu Maria tatu.

"Anaachama. Anapinda shingo. Anaharisha kijani. Wewe unataka nini zaidi, aandike barua?"

"Lakini bibi, wenzake wazima. Tazama wanavyokimbizana."

"Wangu nao siku ya kwanza walikimbizana." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kisha akamgeukia mama. "Mwanangu, mimi sikulazimishi."

"Najua, mama. Nanoa."

Kisu kilienda na kurudi juu ya jiwe. Niliwaza kuku tisa, na mama akiwachinja kwa mkono wake kwa sababu ya neno lake, kwa sababu ya kuku niliyemleta mimi. Nikaomba dakika chache. Nilikimbilia kwenye jiwe lililo karibu na vichanja vya kahawa, mahali pekee mtandao unapopatikana kwetu, nikampigia afisa mifugo wa kata. Alipokea akiwa njiani. Nilisikia upepo na pikipiki.

"Mabawa yameshuka?"

"Hapana."

"Miguu inalegea? Anatoa kamasi?"

"Hapana. Anaharisha kijani tu, na shingo anaipinda."

"Kijani peke yake kisikutishe, dada. Kuku asiyekula huharisha kijani, ile ni nyongo. Gole likoje?"

"Gole?"

"Kile kifuko cha chini ya shingo, chakula kinapotua kabla ya kwenda kwenye firigisi. Asubuhi kabla ya kula kinatakiwa kiwe kitupu. Mshike hapo, halafu unipigie."

Mshike hapo. Nilitazama uani. Pale pa kushika palikuwa pamefunikwa na soksi ya bluu.

Sikumbuki kama nilitembea au niliruka. Nilimkumbatia kuku, nikaivuta soksi juu ya kichwa chake, na mbele yetu, kwenye ngozi tupu ya kishingo, palikuwa na uvimbe mkubwa kama limao. Niliubonyeza. Ulikuwa mgumu, na ndani yake kitu kilikwaruza chini ya kidole kama nyasi kavu. Nikamdaka mmoja wa wale tisa, aliyekuwa bado hajala, nikampapasa mahali palepale. Palikuwa bapa kama mfuko usio na kitu.

"Mama, weka kisu. Shika hapa. Sasa shika hapa."

Mama alishika kwa huyu, akashika kwa yule, akarudia. Vidole vyake, ambavyo vimechambua kahawa miaka yote, vilielewa kabla ya uso wake. "Kuna mzigo humu," alisema.

Bibi alisogea. Nilimfungua kuku mdomo kuelekea mwanga. Kwenye shina la ulimi palikuwa na uzi mwembamba wa kijani, umezunguka mara moja na kutokomea kooni. Sote watatu, bila kuambiana, tuligeuka kuitazama bustani ya mboga. Wavu wangu ulikuwa umezungushwa pale, wa kijani, na kwenye pembe ya chini palikuwa na tundu la kutosha kupitisha kichwa.

Sikuwa nimeufua. Huo ndio ukweli, na uso ulinichoma. Mtu wa ziwani asingefanya hivyo. Mimi, mtoto wa milimani, niliona wavu nikaona uzio, sikuona vichwa vya usipa vilivyokaukia kwenye matundu yake. Kuku wa mama walipita hapo kila siku bila kugeuza shingo. Huyu alikulia ufukweni, usipa wakianikwa juu ya nyavu. Alinusa kwao, akaenda kula.

"Kwa hiyo wewe umemlisha kamba," bibi aliniambia, "na mama yako akamvalisha soksi ili tusione." Mama alicheka kupitia puani, akauma mdomo.

Nilirudi kwenye jiwe. Afisa alisema nisivute kwa nguvu, nitachana koo. Nimpe mafuta ya kula kijiko kidogo, maji ya uvuguvugu, nikande kwa utaratibu, na uzi ukilegea wenyewe ndipo niufuate.

Niliporudi na maelezo hayo, bibi alisikiliza, akagonga fimbo chini. "Siku tatu. Afungiwe jikoni, mbali na wenzake. Siku ya tatu nikimkuta anaachama, mwanangu, unajua ulivyosema."

"Najua nilivyosema," mama alijibu. Kisu alikipachika juu ya mlango wa jiko, mahali pa kuonekana.

Siku ya kwanza nilikaa karibu na mafiga na kuku mapajani, nikikanda lile limao kwa kidole gumba, juu, chini, mduara. Nilimpa mafuta ya alizeti kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, nikiogopa yasiingie kwenye pumzi. Alinitazama kwa jicho moja la rangi ya kaa la moto. Uzi haukusogea. Mama aliingia na kutoka, kila mara akijifanya anatafuta kitu kingine.

Siku ya pili, jua likiwa utosini, kuku alitikisa kichwa na uzi ukateleza kiasi cha ukucha. Niliufuata kwa vidole viwili, nikikanda kwa mkono wa pili, nikisimama kila alipokaza. Ulikuja polepole, wenye utelezi, fundo, kisha jingine, kisha kipande kizima cha wavu kilichojiviringisha, urefu wa mkono wangu, na matunduni vichwa vitatu vya usipa vikinitazama. Harufu yake chachu ilijaza jiko. Nilicheka hadi machozi. Mama alikuja mbio, akaona, akakaa chini sakafuni.

Lakini jioni ile kuku hakula. Alikunywa maji kidogo, akaachama mara moja, akajikunyata. Nilimwona mama akiinua macho kwenye kisu na kuyashusha.

Asubuhi ya tatu nilienda jikoni kabla ya kuosha uso. Nilipeleka mkono chini ya shingo yake taratibu, kama mtu anayepapasa mtoto kuona kama bado ana homa. Palikuwa bapa. Laini, tupu, pa joto. Akanidonoa kidole, kwa nguvu, na sijawahi kufurahia maumivu namna ile.

Bibi alipofika nilimsalimu, akaitikia akiwa tayari ametoa punje za mahindi kwenye fundo la kitenge. Alidondosha moja sakafuni. Kuku akaila. Alidondosha ya pili mbali zaidi, akaifuata. Ya tatu bibi aliishika mkononi, na kuku akairukia.

"Mdondo hauna njaa hivi," alisema. Alinyoosha mkono, akashusha kisu pale juu ya mlango, akampa mama. "Kakatie mboga. Na wewe mjukuu wangu, ule wavu."

"Nimeufua, bibi. Mtoni, kwa sabuni na majivu. Mara mbili."

"Fua mara ya tatu."

Uani ukungu ulikuwa unapanda kutoka kwenye ngoro, yale mashimo ya kulimia ya mteremkoni, na wale tisa walikuwa wakichakura chini ya kahawa. Kuku wa Lundo aliwasikia. Alisimama kizingitini, shingo tupu ikimeta, akaugeukia moto mara moja kama anayefikiria kubaki.

"Mgeni siku mbili," mama alimwambia, "ya tatu mpe jembe. Toka."

Akatoka, na mama akafunga mlango nyuma yake.