Kilio cha Papa Cirhuza Aliyekuwa Kamanyola

Aibu hii nimeificha mpaka imenishinda, maana hata mama anayeniuzia nyanya soko la Kadutu siku hizi ananiita "ule maman wa picha", kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wanaopenda kuongeza chumvi (ingawa sijui watatia wapi hiyo chumvi, mahali pote pameshajaa).

Mimi ni mkuu wa wafanyakazi katika kiwanda cha mikate hapa Bukavu, kazi ambayo wengi wanaiita kwa Kifaransa, RH, na kwa miaka yote niliyokaa pale nilijulikana kwa mambo mawili tu, kusaini likizo na kuzika. Ndiyo, kuzika. Kwetu mfanyakazi akifariki, au akifiwa, kampuni ndiyo inayotoa jeneza, gari, turubai na viti, na mwenye kuyaratibu yote hayo ni mimi, na sitaki kujisifu lakini nimezika watu na wakashukuru (familia zao, si wale waliozikwa).

Basi patron wetu, mwenye kiwanda, Papa Mugisho, akanipeleka kwenye semina ya mkakati na misingi ya biashara kwa watu wa RH, katika ukumbi wa hoteli, chai na sambusa asubuhi, na mwalimu aliyevaa tai ya kipepeo akatueleza ukweli bila huruma. Alisema sisi tunalalamika kwamba hatuitwi kwenye meza ya maamuzi, lakini tukiitwa tunaongea habari za sare na sabuni ya chooni, wakati mwenye biashara anataka kusikia mapato yanatoka wapi, mteja ni nani, hatari iko wapi, na ni mtu gani ambaye akikosekana kesho kiwanda kinasimama. Yale maneno niliyanywa kama maji. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Kasha, nikamuuliza mume wangu mkakati wake wa miaka mitano ni upi, naye akaniuliza chakula kiko wapi.

Mjue pia kwamba kwenye komiti ya uongozi ya kiwanda kulikuwa na kiti kimoja kitupu, na Ijumaa ile washirika wa patron walikuwa wanakuja kuamua nani akikalie. Papa Mugisho alikuwa ameniambia wazi kwamba nikiwaonyesha washirika kuwa RH inaelewa biashara, kiti ni changu. Nilikitaka kile kiti jamani. Nilikitaka mpaka nikaanza kukaa vizuri hata jikoni, mgongo umenyooka, kwa mazoezi.

Hatari ya kiwanda niliijua tayari, ilikuwa na jina na ilikuwa na tumbo. Papa Cirhuza, mkuu wa mauzo, mtu mnene wa kofia na marashi, alikuwa na wateja wetu wote ndani ya kichwa chake, maduka ya Kamanyola, shule na masista wa Walungu, wamama wa soko, nani anapenda mkate wenye sukari, nani amegombana na nani, nani lazima asalimiwe kwanza la sivyo haagizi, na hakuna mtu mwingine aliyejua hata nusu yake. Kupewa msaidizi alikuwa anakataa kila mwaka, eti wateja ni kama wakwe, hawatembelewi na mtu yeyote tu. Mimi nikapanga kuwaambia washirika kwamba mtu huyu akiondoka leo tumekwisha, tumpe watu wa kuwafundisha. Na kwa kuwa mwalimu alisema hatari ipewe sura ili ikumbukwe, nikaamua kuipa sura kweli, nikachukua picha ya Papa Cirhuza aliyopigwa kwenye sherehe ya mwaka mpya, anatabasamu, nikaipeleka kwa fundi wangu wa picha aikuze.

Fundi yule hakuuliza kitu. Ijumaa asubuhi nilipoichukua niliikuta ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, na kwenye kona ameshafunga utepe wa zambarau, kwa sababu kila picha niliyowahi kumpelekea ilikuwa ya marehemu. Utepe niliuona. Nawaapia niliuona, nikasema nitautoa nikifika.

Nilipofika umeme ulikuwa umekatika, jenereta inakohoa, washirika wanapanda ngazi, na projekta imefungiwa kwenye stoo upande wa pili wa uwanja. Nikaiweka picha kwenye meza ya mapokezi, nikaiegemeza kwenye chombo cha maua tuliyowanunulia wageni (maua meupe, ndiyo, msinitazame hivyo), nikakimbilia projekta. Niliporudi patron ananiita juu kwa ukali kwamba watu wanangoja, nikapita mbio na mzigo mikononi, picha nikaisahau palepale.

Riziki, dada wetu wa mapokezi, alikuwa amekwenda kunywa chai. Akarudi, akaiona. Na Riziki si mjinga, hilo ndilo jambo linaloniuma mpaka leo, Riziki nimemfundisha mimi mwenyewe. Kwa kuwa nilichoka kuulizwa maswali kila msiba, nilikuwa nimemwekea utaratibu safi kabisa, nikamwambia akiona nimeweka picha kwenye ile meza asisubiri mtu, aanze tu. Basi akaanza. Akawasha mshumaa, akazima redio, akatangaza kwenye kundi la simu la wafanyakazi, akamwagiza mlinzi afunge turubai uwanjani, akawapigia wanakwaya wa parokia, akamtuma dereva na basi dogo akailete familia. Alikuwa analia huku anafanya, maskini, lakini hakuruka hatua hata moja.

Mimi huko juu nimewaka. Naeleza nguvu zetu, naeleza udhaifu wetu, nafika kwenye ukurasa wa hatari na nasema kwa sauti nzito kwamba kiwanda hiki kimesimama juu ya mtu mmoja, jina lake Cirhuza, na lazima leo tujiulize tutaishije bila yeye. Hapo hapo naona Papa Mugisho anatazama simu yake, anavua miwani, anaivaa tena.

"Nabintu," akaniuliza taratibu, "hii mambo ya Cirhuza, ulijua tangu wakati gani?"

Nikafurahi kwamba ananifuata vizuri. "Tangu ile semina, patron. Na hata nyinyi mulikuwa munaona, hatukupenda tu kusema."

Mama mmoja katika washirika akafanya ishara ya msalaba. Nikaona hoja imewaingia, nikabonyeza ukurasa uliofuata, ambao kichwa chake kilikuwa "Fursa".

Sitasahau nyuso zile. Nilikuwa nimefika katikati ya sentensi ya kugawa wateja wake kwa vijana watatu ndipo kwaya ikaanza chini ya dirisha, sauti nne, na patron akasimama akasema hata kama ni biashara, kuna mambo hayafanywi mwili ukiwa bado haujapoa. Nikauliza mwili gani. Akanigeuzia simu nikaona picha yangu, utepe wangu na mshumaa wa Riziki.

Niliteremka zile ngazi sijui kwa miguu ya nani. Uwanja ulikuwa umejaa. Wamama wauzaji wa mikate wameketi juu ya magunia ya unga wanalia kwa sauti, waokaji wameacha tanuri wamesimama na aproni zao, na mikate iliyokuwa tayari kwa soko inagawiwa na chai kama inavyofanyika kwenye kila kilio chetu (hata hilo lilikuwa kwenye utaratibu wangu). Nikapanda juu ya kreti nikasema Papa Cirhuza ni mzima, yuko Kamanyola kwa wateja. Mwanakwaya mmoja akanishika mkono akaniteremsha kwa upole, akawaambia wengine wanipe maji, eti maman wa RH amelemewa na uchungu. Nikasema sijalemewa. Wakanipepea.

Kisha basi dogo likaingia na Maman Furaha, mke wake, akateremka na kandambili za jikoni, kitambaa cha kichwa mkononi. Hakupiga kelele kama wengine. Alinyooka moja kwa moja mpaka kwangu.

"Maman Nabintu, we njo unatuzikiaka batu," akasema. "Uniambie tu. Bwana yangu iko wapi?"

"Iko muzima, Maman Furaha. Iko Kamanyola."

"Ulimusikia leo?"

Sikuwa nimemsikia. Nikampigia palepale mbele yake, simu haipatikani, nikapiga tena, haipatikani, na mnajua barabara ya Kamanyola ilivyo, ule mlima na yale magema, kila mtu pale uwanjani ana mtu wake aliyebaki kule chini. Nikaanza kuogopa na mimi. Nikawaza labda nimemuua kwa kumtamka, nikamwona Maman Furaha anasoma uso wangu, na machozi yakanitoka mbele yake. Kwake hayo ndiyo yalikuwa uthibitisho. Akaketi chini kwenye unga uliomwagika. Hapo kiti cha komiti kilinitoka kabisa rohoni, nikabaki namwomba Mungu kitu kimoja tu, ile simu iite.

Haikuita. Ila huko nyuma, kwenye lango, pikipiki ilikuwa imemteremsha mwanaume mnene aliyejaa vumbi kuanzia kofia mpaka viatu, na gunia la mchele wa Kamanyola begani. Akaona turubai, akasikia kwaya, akafanya kile anachofanya mtu yeyote mwenye adabu, akavua kofia na kutafuta nafasi kwenye viti vya nyuma. Mlinzi alikuwa anapanga viti, ameinama, akaulizwa polepole nani amefariki.

"Ni Papa Cirhuza wa mauzo," mlinzi akajibu bila kuinua kichwa.

"Cirhuza gani?"

"Ule munene."

Papa Cirhuza mwenyewe alinieleza baadaye kwamba hapo alikumbuka ile kona ya mlimani ambapo pikipiki iliteleza, akaanza kuamini. Alijigusa tumbo. Aliposikia wamama wa soko wanaimba jinsi alivyokuwa anawaongezea mkate mmoja juu ya kila kumi, akalia na yeye, akalia kwa sauti, na sauti ile mke wake anaijua hata gizani. Maman Furaha akainuka, akapita katikati ya watu, akamshika uso kwa mikono miwili, akampapasa mashavu, masikio, shingo, kwaya inanyamaza sauti moja baada ya nyingine.

"Juu ya nini téléphone yako haipite?" akamuuliza.

"Moto iliisha mu njia," akajibu, akimwonyesha simu iliyozimika kwa kuishiwa chaji.

Ndipo akalia, kilio chenyewe sasa, kichwa kwenye lile vumbi la kifua cha mume wake, na hakuna aliyecheka hata mmoja. Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani na fremu yangu.

Nilidhani nitafukuzwa siku ileile. Nilipomaliza kuwaomba watu wote radhi, mmoja mmoja (Riziki nilimwomba mara mbili), washirika walikuwa wamerudi juu kuendelea na kikao chao, na walipomaliza Papa Mugisho aliniita akanishukuru. Akasema kwa kweli hawajawahi kuona uchambuzi wa hatari ulio wazi kama ule, nilikuwa sahihi kila neno, wameona kwa macho yao wenyewe jinsi mji unavyolia na kiwanda kinavyosimama mtu yule akikosekana. Kwa hiyo kiti cha komiti wamempa Papa Cirhuza.

Aliyeniletea barua ya kusaini ni yeye mwenyewe, kwa kuwa barua za vyeo zinapita kwangu. Nikasaini. Hakuondoka, alisimama mlangoni anazungusha kofia yake.

"Maman RH," akasema, "kama mulikuwa munajua niko na maana vile, juu ya nini hamukuniambiaka? Ilibidi kwanza nikufe."

Nikakumbuka kwamba kwenye kurasa zangu zote za mkakati nilikuwa nimewapangia washirika, patron, hata wateja namna ya kuongea nao, na yeye sikumpangia neno hata moja. Kwa hiyo nimeapa, na nyinyi mtakuwa mashahidi wangu, picha ya mtu aliye hai haitapita tena mikononi mwangu, na nikimwona mfanyakazi ambaye bila yeye tungekwama, nitamfuata huko huko aliko, nimwambie yeye mwenyewe. Nimeshaanza. Juzi nilimwambia Riziki kwamba yeye ni mtu muhimu sana kwa kampuni yetu, akaweka chini kikombe cha chai akaniuliza kama nimeota ndoto mbaya.