Bulletin Mbili za Lweba

Zamani mtoto asiyesikia alikuwa mtoto wa kijiji kizima, na kila mvuvi wa Lweba, kando ya ziwa, alijua kusema naye kwa mikono. Leo kuna semina na mabango yenye picha, na mtoto huyohuyo anafichwa nyuma ya nyumba.

Mwalimu Norbert alikulia katika mitumbwi ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Huko, wakati wa kuinua wavu, hakuna anayepiga kelele. Mkono husema vuta, husema legeza, husema ngoja kwanza. Alipopewa darasa la kwanza akamkuta Ketsia, binti asiyesikia, na Safari, yatima aliyelelewa na mama yake Ketsia, ambaye herufi zilimponyoka kama kambare. Norbert alimfundisha Ketsia kwa mikono ile ya wavuvi. Naye Safari akampeleka mchangani, wakawa wanapanga ndagala wakavu kuwa herufi.

"Mwalimu, we iko nafundisha ao iko nafukuza nzi?" Direkta Eugène, mkuu wa shule, alitoka ofisini kwake akamcheka dirishani.

"Nafundisha, Direkta. Nzi biko mu bureau yako."

Lakini kanuni ilikuwa ya Direkta: aliyeanguka mtihani mara mbili, nje. Na wote wawili walikuwa wameshaanguka mara mbili. Norbert akabembeleza mwezi mzima, hadi ikakubaliwa kwamba wakisoma mbele ya wazazi Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, watapewa bulletin, ile ripoti ya shule, na kuandikwa darasa la pili. Huo ulikuwa mwaka 1996.

Alhamisi ya juma hilo Mama Marthe, mama yake Ketsia, alifika darasani na furushi kichwani.

"Mwalimu, vita inakuya. Boti ya Saleh inatoka leo. Nimekuya kubeba batoto."

"Mama Ketsia, siku mbili tu. Kule Kigoma, bila bulletin, batabafukuza tena."

Mama Marthe alimtazama binti yake akiandika jina lake ubaoni. Akashusha furushi.

Jumamosi watoto walikuja wamepakwa mafuta, sare zimefuliwa. Benchi za wazazi zilikuwa tupu, ila Mama Marthe peke yake. Ofisi ilikuwa na kufuli. Direkta mwenyewe alikuwa ameondoka na boti ya Alhamisi. Norbert akawaambia wasome hivyo hivyo. Safari alisoma mistari mitatu, taratibu, hadi nukta. Ketsia alisoma kwa mikono, hakukosa neno. Mwalimu akaziandika bulletin mbili kwa mkono wake, bila muhuri, na wino haujakauka bunduki zikalia upande wa mji wa Baraka.

Ufukweni Saleh alikuwa amerudi na boti yake, akipakia kwa mara ya mwisho.

"Nafasi ya batatu, Mwalimu. We ubakie."

Boti ya Alhamisi ilifika Kigoma. Ya Jumamosi hakuna aliyeiona ikifika, na kwa miaka Norbert alimuuliza kila aliyerudi kutoka ng'ambo ya ziwa. Watu walipomwambia kwamba ni vita, alikataa. "Alhamisi vita ilikuwa bado mbali. Ni mimi niliyewaambia wangoje."

Mara ya mwisho aliwaona wakiwa botini, karibu bado, umbali wa kurusha jiwe. Mama Marthe alikuwa amekalia furushi lake. Safari aliinua karatasi mbili juu ya kichwa zisilowe. Ketsia alikuwa amempa Norbert mgongo, akitazama ng'ambo. Norbert aliingia majini hadi kiunoni akamwita Ketsia kwa jina, akamwita tena na tena, kwa sauti yake yote.