Nusu ya Yai Niliyombakizia Mjukuu Wangu

Msimamizi wa ukurasa, nakuomba ulifiche jina langu na la kijiji changu, maana huku milimani watu wote wanajuana. Wasomaji wengi wenu mna umri wa wajukuu zangu, hivyo shikamoo yenu nimeipokea kabla hamjaitoa. Marahaba.

Mimi ni mgane wa miaka sabini na mbili, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Upare ya Kusini, wilaya ya Same. Nina watoto watatu. Jambo langu linamhusu kitinda mimba, ambaye anaishi Ujerumani na mke wake, mzaliwa wa huko, pamoja na binti yao wa miaka saba. Mtoto huyo alipewa jina la marehemu mke wangu, kwa hiyo mimi humwita Bibi.

Mwaka huu mwanangu alinikatia tiketi, nikakaa kwao majuma matatu. Silalamikii kitanda wala blanketi. Mkazamwanangu ni mtu wa heshima, na amejifunza Kiswahili cha kutosha kuniamkia kila asubuhi. Katika juma la mwisho walinipeleka mjini, kwenye mkahawa wa Kijapani wanaoupenda sana. Ulikuwa ukumbi mdogo uliojaa mvuke, watu wamekaa bega kwa bega, wakivuta tambi kwa sauti. Mimi niliyewakataza watoto kelele mezani maisha yangu yote niliinamisha uso. Mwanangu akacheka.

"Baba, hapa ukila kimya mpishi atadhani hujapenda."

Chakula chenyewe huitwa rameni: tambi katika mchuzi mzito wa mifupa ya nguruwe, juu yake kipande cha nyama, majani ya vitunguu na yai lililopasuliwa katikati. Kila mtu na bakuli lake. Vijiti vilinishinda, nikaomba kijiko. Sikatai, mchuzi ulikuwa mtamu. Ulinikumbusha supu ya siku ya mnada. Bibi alikuwa ameketi ubavuni pangu. Yai lake alikwisha kulila, sasa akalitazama langu.

Kwetu baba hamalizi nyama iliyo katika sahani yake. Humbakizia mtoto aliye mdogo kuliko wote, na mtoto hukaa karibu na goti la baba akisubiri. Baba yangu hakuwahi kunitamkia kwamba ananipenda. Alinibakizia. Nami sikufikiri mara mbili: nilikula tambi, nikanywa mchuzi, nikabakiza kipande cha nyama na nusu ya yai. Nikalisukuma bakuli mbele ya mtoto.

"Bibi, fungu lako hili."

Akanyoosha mkono. Mama yake akaushika, taratibu kabisa, akamwambia mumewe maneno ya Kijerumani. Mwanangu akanigeukia.

"Baba, hapana. Umekwisha kulila kwa kijiko chako. Huo ni uchafu."

"Uchafu?"

"Kwa huku, ndiyo. Kama ana njaa nitamwagizia jingine."

"Hana njaa," nilimjibu.

"Sasa unampa kwa nini?"

Ndugu wasomaji, aliyeniuliza hivyo ndiye aliyekuwa akikaa gotini pangu kila Jumapili, akihesabu matonge yangu kwa macho, akilia nikichelewa kumpa. Mhudumu alipita, akaona bakuli limesukumwa, akadhani nimeshiba, akaliondoa. Bibi akalisindikiza kwa macho hadi jikoni. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Babu, lile yai lilikuwa langu?"

"Lilikuwa lako," nilisema.

Tulirudi nyumbani. Siku chache baadaye nilipanda ndege, na jambo hilo halikutajwa tena hadi juzi, mwanangu aliponipigia simu. Dada yangu, ambaye ni shangazi yake, alikuwepo akichambua maharage ya makande, nami nikaweka simu kwa sauti ya juu ili amsalimie.

"Baba, shikamoo. Krismasi tunakuja wote watatu."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mtoto hajawahi kuiona nyumba hii.

"Lakini baba, nina ombi. Mtoto awe na sahani yake, na asipewe chakula cha sahani ya mtu mwingine. Hata yako. Mama yake ana wasiwasi. Kama haiwezekani, tutalala hotelini Same, tuwe tunapanda mlimani mchana."

Dada yangu aliacha kuchambua. "Wewe! Si ndiwe uliyekuwa ukilamba mpaka sufuria ya baba yako? Leo mate yake yamekuwa sumu?"

"Shangazi, mambo yamebadilika."

"Yamebadilika kwako. Hapa baba yako atamaliza nyama yake mbele ya ukoo mzima, mtoto anamtazama? Watu watasema amemkataa mjukuu."

Nami najua watasema. Lakini nikishika desturi yangu, Bibi hatalala katika nyumba ya mwenye jina lake, na miaka yangu ya kumsubiri tena haijulikani. Nimechoka, wapendwa. Nimesahihisha watu tangu ujana wangu, na sina nguvu ya kumsahihisha huyu. Wala simchukii mkewe. Analinda mtoto wake kwa njia aliyofundishwa, kama mimi.

Nilikuwa karibu kusema, "Sawa, mwanangu." Ndipo mtoto alipochukua simu.

"Babu, nikija utaniwekea yai langu?"

Nilijua baba yake anasikiliza. Dada yangu alinitazama, mimi nikatazama chini. Nikamwambia Bibi kwamba mtandao ni mbaya, nikakata simu. Mtandao haukuwa na tatizo lolote.

Jumapili watapiga tena, na mtoto atauliza tena, kwani wa jina lake naye hakuwa mtu wa kusahau. Ninyi mliolea huku na huko, nielekezeni: nimwambie nini mtoto huyu, baba yake akiwa anasikia?