Safari Tuliyowaficha Majirani

Kwetu safari haitangazwi. Mama yangu alipotupeleka Lamu kwa shangazi, majirani waliambiwa tunakwenda kwa fundi kupima nguo, na masanduku yakatolewa mlango wa nyuma yamefunikwa shuka. Watu walijua tumesafiri tukisharudi. Nimeishi Hounslow, huku kwa Waingereza, karibu na uwanja wa ndege, zaidi ya nusu ya umri wangu, ndege zinapita juu ya paa langu mchana kutwa zimejaa watu waliomweleza kila mtu wanakokwenda, na bado sijabadilika. Mara moja tu nililegeza, tukatangaza kwamba tunakwenda harusini Cardiff. Gari likatufia njiani, Swindon. Mume wangu anasema ulikuwa mkanda wa injini, na kwamba fundi alishamwonya. Mimi namwachia mkanda wake.

Kwa hiyo tulipoamua kwenda Marseille kiangazi kile, niliwaweka mume na watoto kitako nikawaambia neno hili lisitoke nje. Na safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Mdogo wake marehemu mama yangu, wa mwisho aliyebaki katika tumbo lile, aliolewa na Mngazija akahamia naye Marseille mimi sijavunja ungo. Tangu hapo nilimjua kwa sauti ya simu tu. Sasa macho yake yalikuwa yakiingia ukungu, na daktari wake hakuwa na habari njema. "Njoo ningali nakuona, mwanangu," aliniambia.

Tungekwenda kwa gari. Mume wangu anapakia mizigo uwanja wa ndege, na likizo yake hataki hata kuliona lile jengo. Tungepanda treni ya chini ya bahari pamoja na gari letu, tutokee Calais, tuishuke Ufaransa yote mpaka baharini upande wa pili. Haiwezekani kwa siku moja, labda kwa mtu asiye na watoto wala kiuno. Ilibidi tulale njiani, na hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Mume wangu alitaka hoteli kando ya barabara kuu, nje ya Reims. "Tunaingia, tunalala, tunatoka," alisema. Nikazitazama picha za vyumba. Zote zilipigwa kutoka kona ileile ya mlangoni, na nikataka kujua kona za pili zina nini. Nikasoma maoni ya wageni. Wote walisifu chai ya asubuhi, hakuna hata mmoja aliyetaja shuka. Nikamwambia hapa silali. Akatafuta nyingine, ikawa na baa chini. Akatafuta ya tatu, gari linalala barabarani, na sisi tutakuwa na zawadi za mama mdogo humo ndani, halua ya Edgware Road na doti za leso.

Mwishowe tukaangukia Troyes, mji wa katikati ya njia, hoteli ndogo yenye ua na geti. Nilimwandikia mwenye hoteli kuuliza kama geti linafungwa usiku. Alinijibu kabla sijanywa chai yangu.

"Mbona amejibu upesi hivi?" nikamuuliza mume wangu. "Mwezi wa nane, hoteli nzuri, na mtu hana kazi?"

"Asipokujibu, mwizi. Akikujibu, mwizi. Sasa afanye nini?"

Binti yetu, ambaye anaelewa kila neno ninalosema kisha ananijibu kwa Kiingereza, alisema ni usiku mmoja tu, na kwamba nikiendelea hivi tutalala ndani ya gari. Nikawaambia wanicheke wanavyotaka. Nilikuwa na mtu wa kumfikia, na sikutaka kitu chochote kikae kati yangu na yeye.

Basi katika hali hiyo ndipo rafiki yangu alipoanza kuuliza maswali.

Huyu ni mtu wa Tanga, anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu, anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Aliachika zamani, na mwanawe mmoja anasoma chuo huko kaskazini. Mtoto wangu wa pili alipozaliwa, yeye ndiye aliyenishika mkono, kwa sababu mume wangu alikuwa zamu. Tumepikiana, tumelishiana watoto, tumesengenya mji mzima pamoja. Ila hata yeye sikumwambia. Usinielewe vibaya, sikumshuku kwa ubaya. Husda haimngoji mtu awe mbaya. Inaweza kutoka kwa anayekupenda, akavuta pumzi tu akasema, "Lo, mnakwenda Ufaransa!" na kazi imekwisha.

Mara ya kwanza aliniuliza kituo cha basi, tukingoja pamoja. "Mwezi wa nane mtakuwepo, shoga?"

"Tutakuwepo," nikasema. "Twende wapi na bei hizi?"

Akatikisa kichwa, akatazama basi linakuja. Nikaona kama amepumua. Nikajiuliza, huyu anapumulia nini?

Juma lililofuata akauliza tena, kwa simu. Likizo ya watoto tutafanya nini? Baba watoto amepewa likizo lini? Mtu wa kawaida haulizi likizo ya mume wa mtu. Nikamjibu ovyo ovyo, nikakata simu nikisema mkate unaungua. Jioni nikamgeukia binti yangu: umesema kitu? Akaapa. Nikamgeukia mume wangu, naye akaniuliza kama nataka aape juu ya msahafu au juu ya kitabu chetu cha ramani za Ufaransa.

Kisha rafiki yangu akanifuma dukani. Ufaransa wanataka gari liwe na pembetatu nyekundu ya kuweka barabarani likiharibika, na vizibao vya njano vinavyong'aa, kila abiria chake. Nilikuwa nimesimama kwenye malipo na vizibao mkononi, viwili vya watu wazima na viwili vya watoto, nikasikia salamu yake mgongoni.

"Vya kazini kwa baba watoto," nikasema kabla hajauliza.

Alivitazama vile vidogo. Mkononi mwake alikuwa na mfuko wa duka la jirani, mdomo umefunguka kidogo, na mimi nikatupa jicho. Ndala mpya za nyumbani. Gauni jepesi la kulalia, bado na lebo. Na begi dogo la magurudumu akiliburuta.

Nikarudi nyumbani nimewaka. "Anasafiri," nikamwambia mume wangu. "Anasafiri na hasemi! Mtu ananichimba mimi kila siku, kumbe yeye ndiye mwenye safari."

"Na wewe umemwambia yako?"

"Mimi sijamchimba."

Kweli niliumia. Kuficha kwangu mimi nilikuona ni desturi, kuficha kwake nikakuona ni dharau. Nikaanza kuunganisha mambo. Simu ikimlilia tukiwa pamoja, anatoka nje kupokea. Hakuja kula kwangu siku ya Ijumaa mara mbili mfululizo. Nikimtania hacheki mpaka mwisho. Nikasadiki kwamba anakwenda kwao Tanga, labda kuolewa, na kwamba anauliza likizo zetu ili ajue ataniachia funguo za nyumba nimwagilie maua yake kama mtumishi. Nilikaribia kuibadilisha ile hoteli ya Troyes kwa kuogopa kwamba alishaona kitu kwenye simu yangu. Mume wangu alikataa. Alisema akibadilisha tena mwenye hoteli atatuitia polisi.

Ikabaki wiki moja na siku kadhaa. Jumapili mchana, masanduku yamesimama kwenye kibaraza cha ndani yamefunikwa shuka, kengele ikalia. Ni yeye. Nikamwingiza kwa haraka mpaka jikoni, nikamkalisha akipe kibaraza mgongo. Mume wangu alikuwa anakata vitunguu, binti yetu yuko kwenye simu yake.

Hakugusa chai. "Nimekuja na ombi," alisema. "Nisingekusumbua kama mngekuwa mnasafiri. Ila umeniambia mko, ndiyo maana nimepata moyo."

"Sema," nikamwambia, na moyoni nasema, haya, funguo hizo.

"Nina uvimbe tumboni. Wanautoa. Hawakulazi siku hizi, wanakurudisha nyumbani siku ileile, lakini lazima aje mtu mzima kukuchukua na akae na wewe mpaka kesho yake. Mwanangu sitaki ajue mpaka yamepita, ana mitihani ya kurudia. Nimewaambia hospitali utakuja wewe."

Kisha akaitaja siku. Kisu cha mume wangu kilisimama. Binti yetu aliinua kichwa, akaanza kusema kwa Kiingereza chake kwamba siku hiyo si ndiyo tunayo… akakutana na jicho langu, akanyamaza. Lakini alikuwa amechelewa kunyamaza.

"Siku hiyo mna nini?" rafiki yangu aliuliza, akinitazama mimi.

Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma. "Tunakwenda Ufaransa," nikasema. "Kwa mama yangu mdogo. Tunaondoka asubuhi ya siku hiyo."

Akageuza shingo taratibu akayaona masanduku. Na shuka lilivyoyafunika hakuhitaji kuelezwa, hata Tanga wanafunika. Akavuta begi lake la mkononi akainuka. "Basi nitamtafuta mwingine. Mfike salama, inshallah."

"Kaa kwanza. Mbona hukuniambia unaumwa?"

"Ningesema vipi? Ugonjwa nao unasemwa?" Alikuwa amesimama bado, ameushika mgongo wa kiti. "Lakini nilikuuliza, shoga. Kila mara nilikuuliza mnakwenda wapi, na kila mara nilikuwa nangoja na wewe uniulize. Ungeniuliza tu, 'Na wewe je?' Ningekwambia palepale kituoni."

Niliipitisha akilini ile siku ya kituo cha basi, ya simu, ya dukani, na ni kweli. Nilikuwa nimeshughulika kulinda changu hata sikumgeuzia swali hata mara moja.

Alipoondoka, mume wangu alijaribu njia zote za kuisogeza safari. Likizo yake haikuweza kusogezwa, kiangazi uwanja wa ndege haumpi mtu ruhusa mara mbili. Treni ilikuwa imelipiwa. Nikamwambia mimi nabaki na rafiki yangu, yeye na watoto waende, na binti yetu asome vibao, Kifaransa anakisoma shuleni. Akaniuliza, "Na mama yako mdogo?" Nikaingia bafuni nikafungulia maji nikalia. Kisha nikampigia mama mdogo. Nilitegemea anilaumu, akaniuliza tu mtoto wangu mkubwa ni mrefu kiasi gani, ili amtambue mlangoni.

Waliondoka alfajiri. Sikwenda nao hata mpaka kona ya barabara, nilikuwa navaa viatu niende hospitali. Rafiki yangu aliingia chumba cha upasuaji akisoma dua kimya kimya. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, simu mapajani, nikimshuku kila nesi aliyepita haraka, kisha nikimshuku kila aliyepita polepole.

Walimtoa mchana. Nilimkuta amelala chali kwenye wadi ya watu wengi, pazia limefunguliwa, midomo imekauka. Kitanda cha kushoto kuna bibi wa Kikenya na wanawe wawili, cha kulia mama mmoja anazungumza Kiswahili cha Kongo kwenye simu. Masikio kila upande. Nikamlowanisha midomo kwa pamba. Akafungua macho, akanitafuta mpaka akanipata.

"Wamefika wapi?" akauliza.

Nikavuta kiti karibu. Sikuteremsha sauti. Nikamwambia wamevuka Calais salama, wameipita Reims, jioni watalala Troyes, kwenye hoteli ndogo yenye ua na geti la bluu, na kesho wakiamka watashika njia ya Lyon mpaka Marseille, nyumba ya ghorofa ya pili, kwa mama yangu mdogo. Yule bibi wa kitanda cha kushoto aligeuka kusikiliza. Nikamwacha asikilize.