Paka Aonjege Kwanza

Chekeni sasa hivi tumalizane, maana nikishafika kwenye paka sitaki kukatizwa.

Mimi huwa naandika hadithi za upelelezi, natuma kwenye grupu la WhatsApp hapa Musoma, na tatizo langu lilikuwaga moja tu, wahusika. Jambazi, polisi, maiti (ndiyo, kabla hajawa maiti), wote wanaongea kama mimi. Basi siku moja Nyabise, mchumba wangu, akawa ananiigizia mama yake wa Bunda, eti akileta ugali anamega tonge la kwanza anamtupia paka, "Paka aonjege kwanza," ndipo watu wale. Tulicheka! Nami bila kumwuliza mtu nikampa tonge hilo muuaji wangu, mama lishe wa Buhemba anayewawekea sumu wachimba dhahabu. Jina nikabuni, nikajiona mjanja.

Grupu likawaka. "Huyu mama yupo kweli!" Hata baba mdogo wa Butiama, ambaye kusoma kwake ni matangazo ya misiba, akawa ananisumbua nitume inayofuata.

Sasa huyo baba mdogo ndiye aliyeniongoza Bunda kupeleka posa. Maongezi yalikwenda vizuri, wazee wanacheka, tukaambiwa tunawe. Mama mkwe akaingia na ugali wa muhogo na sato, akapiga magoti, akamega tonge, akamtupia paka pale mlangoni.

"Paka aonjege kwanza."

Baba mdogo akarudisha mkono, akanigeukia. "Magesa! Si ndiye yule?" Nikamkanyaga mguu, wapi! "Yule wa Buhemba! Aa, mimi hapa silagi!"

Shangazi wa Nyabise akaomba simu ya baba mdogo, naye (Mungu anamwona) akampa, hadithi yangu ikasomwa kwa sauti mbele ya wazee wote, sumu moja baada ya nyingine, ugali unapoa. Aliyeendelea kula ni paka peke yake.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mwanangu, huyu mama anawaulia nini?"

Kusema kweli sikuwahi kujiuliza.

"Mimi paka nampa kwa sababu marehemu mume wangu alikuwaga anamlisha yeye kwanza. Asipopewa anazunguka kiti chake marehemu analia, na mimi nalia. Wewe umebeba tonge, sababu umeiacha." Akainua sinia lake. "Posa irudi Musoma kwanza. Ukishamjua huyo mama, mje."

Nimeshaandika sababu chungu nzima, wivu, mapepo, kisasi. Nyabise anampigia mama yake, anamsomea. Jibu ni lile lile, "Bado hajawa mtu."

Nimeapa sibebi tena tabia ya mtu bila kumwuliza. Juzi nikaanza na Nyabise mwenyewe, nikamwuliza kwa adabu kabisa ni kwa nini alinikubali, nataka kumtumia kwenye hadithi. Akafikiri weee, akasema sababu hiyo hata yeye bado anaitafuta.