Anaposimama Muuza Magari
Muuza magari wa Oulu, mji wa theluji, hadanganyi kwa mdomo, hudanganya kwa kusimama. Tumbo lake huziba palepale ambapo chumvi ya kuyeyushia theluji imekula bodi, huku akiisifu injini kwa sauti ya matanga. Wenyeji humwangalia tumbo, hawamsikilizi.

Tuulikki alikuwa na akiba ya gari moja tu, la kumvusha majira ya baridi na kufungiwa magurudumu mapana ya kujionyesha, na roho yake ilishaligandia gari jekundu la mbio, la bei rahisi, lililokuwa uani kwa muuzaji. Mzee muuzaji akalizunguka. Akalizunguka tena.

“Simama basi, mzee, nijue ubovu uko wapi!” Tuulikki akasema.

Mzee akajikuna juu ya kofia ya sufu. “Nisimame wapi, binti yangu?” akasema, akaendelea kuzunguka.