Kupindua Boti na Baba Mkwe

Kijiboti cha tanga tunachopelekea dagaa sokoni Mwigobero ni cha baba mkwe, na sharti lake lilikuwa moja: sikipandi peke yangu mpaka nikipindue na kukisimamisha tena mwenyewe. Nikaona ananikomoa tu. Nani anatafuta kuzama makusudi?

Kilichonikosesha raha zaidi ni kwamba mwalimu mwenyewe ni yeye. Kwetu mkwe hagusani na mkwe. Chakula chake naweka mezani, nikishaondoka ndipo anavuta sahani. Hata siku ile, ziwani mbele kidogo ya ufuko wa Murangi, kamba ya tanga aliiweka kwenye ubao, akaondoa mkono, nami nikaichukua. Jaketi la kuelea lilikuwa moja, nikavaa mimi.

"Haya mama, egemea."

Nikaegemea. Kijiboti kikalala ubavu, maji yakaniingia puani. Nilipoibuka nilifanya alivyonielekeza: nikakanyaga mkuku, ule mti wa chini katikati, nikavuta kamba kwa uzito wangu wote. Hakikuinuka. Nikageuka kumwuliza nimekosea wapi, sikumwona. Tanga lililolala juu ya maji lilikuwa likitunatuna, kitu kinalisukuma kutoka chini.

"Baba!"

Nikaogelea, nikanyanyua pindo la tanga, nikamwona, kamba imemzonga mguu. Nikamnyoshea kasia lililokuwa linaelea pembeni. Kasia! Mtu anakufa, mimi namnyoshea mti ili nisimguse. Hakulishika. Vidole vyake vilikuwa vinalegea. Nikalitupa, nikamkumbatia kwapani, nikavuta mpaka mguu ukachomoka.

Tukaning'inia ubavuni mwa kijiboti, yeye akikohoa, mimi nimejaa hofu na hasira, maana angekufa ningerudi kusema nini nyumbani?

"Ulikuwa unangoja nini?" akauliza.

"Niliogopa kukugusa, baba."

Akatema maji. "Kwa heshima hizi watu wanakufaga, mama."

Tulikisimamisha pamoja, tukachota maji kwa dumu lililokatwa. Ufukoni wanawake waliokuwa wakifua walikuwa wamesimama wote, wanatutazama. Nilidhani tunarudi. Yeye akaokota kamba ya tanga, nami nikatazama ubao, nikingoja aiweke.

Hakuiweka. Alininyoshea, nikaipokea mkononi mwake.

"Tunapindua tena," akasema.